Who Killed Captain Alex: Picha ambayo steringi anakufa na muuaji hajulikani

Vijiweni kuna kanuni moja ya picha za mapigano: steringi hafi. Filamu ya Uganda, Who Killed Captain Alex ya mwaka 2010, haikuijali. Kapteni Alex, mwanajeshi aliyetumwa kulisambaratisha genge la Tiger Mafia, anauawa. Ndugu yake, Bruce U, mkali wa kung fu, anaingia kumsaka aliyefanya hivyo. Picha inaisha, muuaji hajulikani. Swali lililo kwenye jina la filamu halijibiwi mpaka leo.

Aliyeitengeneza ni Nabwana I.G.G., kwenye mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Silaha zimeungwaungwa kwa vyuma chakavu, helikopta ni ya kompyuta, na kompyuta yenyewe aliiunga mwenyewe kwa vipuri vya mtumba. Waigizaji walikuwa watu wa mtaani, na DVD waliziuza wenyewe nyumba kwa nyumba.

Lakini kinachoibeba picha ni sauti ya VJ Emmie. Mwanzo mpaka mwisho jamaa anaongea juu ya picha: anawakejeli majambazi, anawatania makomando, anaisifia Uganda katikati ya risasi, na mambo yakipoa anamtuliza mtazamaji kwamba mapigano yanakuja.

Aliyekulia Tanga, Pangani au Muheza hahitaji kuelezwa sana hapo. Kwenye mabanda ya video, muvi ya Kichina au ya Kimarekani ilikuja na Lufufu ndani yake, anatafsiri kwa Kiswahili na kutia chumvi kadiri anavyopenda. Kenya kuna DJ Afro. Ni fani kabisa, ina mabingwa wake.

Huko nje wengi hawakuijua fani hiyo. Trela ilipowekwa YouTube Januari 2010 ikasambaa, watu wakacheka, na filamu ikabandikwa lebo ya "mbaya mpaka inafurahisha". Lebo hiyo haiitendei haki. Ubovu wa helikopta unaonekana, sawa, ila utani haukutokea kwa bahati mbaya. VJ anacheka kabla yako, tena anakuchekesha pale anapotaka yeye.

Wapo walioelewa. Mmarekani Alan Hofmanis aliiona trela, akahamia Uganda kufanya kazi na Nabwana. Mwaka 2015, mwaka ambao picha nzima iliwekwa YouTube, Wakaliwood waliomba dola 160 kwenye Kickstarter kwa ajili ya filamu nyingine. Zikaja zaidi ya 13,000. Bad Black, ya 2016, ilipelekwa kwenye tamasha la Fantastic Fest kule Texas na kushinda tuzo ya watazamaji. Mwaka 2022 Wakaliwood walikuwa Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta mjini Kassel.

Kuna kinachouma hapo kati. Filamu ya awali, isiyo na msimulizi, haipo tena. Kompyuta ilijaa, na faili zikafutwa ili kazi inayofuata ipate nafasi. Kilichosalimika ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie, kwa Kiingereza, juu ya mazungumzo ya Kiganda. Urefu wake ni zaidi kidogo ya saa moja, ipo YouTube bure, na kelele za Emmie hazizimiki.