Maneno 25 ya Kumwandikia Mama

Leo tunarudi nyuma hadi mwaka 1938. Sikiliza hadi mwisho, hasa kama una ndugu ambaye hujapata habari zake.

Usiku wa tarehe 9 Novemba mwaka huo, nchini Ujerumani na Austria, wafuasi wa Hitler walichoma masinagogi na kuvunja maduka ya Wayahudi. Wazazi wengi walitaka kukimbia, lakini ni nchi chache zilizokubali kuwapokea. Uingereza ilikubali kupokea watoto wa chini ya miaka 17, bila wazazi wao. Watoto wapatao 10,000 walivuka kwa treni na meli. Septemba 1939 vita vikaanza, na njia ikafungwa.

Barua za kawaida zikakoma. Kilichobaki ni ujumbe wa Msalaba Mwekundu: karatasi moja, maneno yasiyozidi 25, iliyochukua miezi kufika. Hebu fikiria: ukipewa maneno 25 umwandikie mama, utachagua yapi? Kisha kwa wengi hata majibu hayo yakakatika, wala hawakujua kwa nini.

Aprili 1945 jeshi la Uingereza liliingia katika kambi ya Bergen-Belsen, na picha zake zikaonyeshwa katika majumba ya sinema. Wayahudi wapatao milioni 6 walikuwa wameuawa. Mtoto aliyeondoka kwao na miaka 10 sasa alikuwa na 16. Vijana hawa wakaanza kusoma orodha za walionusurika, jina kwa jina. Wengi hawakuyaona majina ya wazazi wao.

Mmoja wa waliovuka ni Walter Kohn, aliyetoka Vienna akiwa na miaka 16. Wazazi wake waliuawa Auschwitz. Yeye alishika masomo, na mwaka 1998 akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Kazi ya kutafuta watu haikuisha na vita. Katika mji wa Arolsen, Ujerumani, kuna kumbukumbu za watu wapatao milioni 17.5, na hadi leo familia huandika kuuliza, nao hujibiwa.

Msikilizaji, Msalaba Mwekundu bado unatafuta ndugu waliopotezana, na huduma hiyo hailipiwi. Ukienda, taja majina yote ya unayemtafuta, hata lile la nyumbani, majina ya baba na mama yake, kijiji chake, na mahali mlipoonana mara ya mwisho. Kama hali imebadilika au umehamishwa kambi, rudi ukawaarifu.

Nawe unayelea mtoto wa mwenzio, siku atakapouliza wazazi wake wako wapi, mwambie unachokijua, kwa upole na kwa kadiri ya umri wake. Usimwache aje kuyasikia kwa watu wa njiani.

Hadi kipindi kijacho, kaeni salama.