UCHUMI NA SERA YA JAMII: SOMO MOJA AU MAWILI?

Elimu haiko hewani. Kila chuo kikuu hujengwa na jamii fulani, na mgawanyo wa masomo ndani yake hufuata mgawanyo wa madaraka nje yake. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini taaluma ya uchumi ilitenganishwa na taaluma ya sera ya jamii, yaani elimu ya namna Taifa linavyopanga afya, shule, makazi na matunzo ya wanyonge. Jinsi nchi yetu ilivyojaribu kuziunganisha. Na hasara tuliyoipata kila zilipoachana.

Asili ya Utengano

Chuo cha Uchumi cha London kilianzishwa mwaka 1895 na wasoshalisti wa Fabian, wakiwamo Sidney na Beatrice Webb, kwa nia ya kuitumia elimu katika kurekebisha jamii. Lakini jamii yenyewe ilikuwa ya kibepari. Mwaka 1912 ilianzishwa humo idara ya kuwafundisha watumishi wa huduma za jamii, na wachumi wakabaki upande wao. Mwaka 1932 Lionel Robbins, profesa wa uchumi chuoni hapo, alitoa kitabu kilichoeleza kwamba uchumi ni elimu ya kuchagua matumizi ya mali iliyo haba, na kwamba kuamua malengo yenyewe si kazi ya mchumi.

Maana yake ni nini? Ni kwamba mchumi ahesabu, asiulize anamhesabia nani. Na mtumishi wa ustawi wa jamii afunge majeraha, asiulize nani aliyejeruhi. Mgawanyo wa namna hiyo unawafaa mabepari, maana unawaacha wenye mali na mali yao, na maskini na huruma.

Hata hivyo huko huko Uingereza hapakukosekana mapokeo mengine. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Edinburgh kati ya mwaka 1949 na 1952, hakubobea katika somo moja. Alisoma uchumi siasa, historia ya uchumi, elimu ya mila na jamii, na falsafa ya maadili, yote katika shahada moja. Si ajabu basi kwamba katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 suala la fedha na suala la utu wa mtu ni suala moja.

Mapambano ya Mlimani

Chuo chetu kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na Kitivo cha Sheria peke yake na wanafunzi wasiozidi 15. Jengo lilikuwa la Chama, lakini shahada zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani. Mwili ukahama, kasumba haikuhama. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 kati yao wakarudishwa makwao. Ilikuwa dhahiri kwamba tulikuwa tunalea tabaka lililojua bei ya elimu yake bila kumjua mkulima anayeilipa.

Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio, ulifanyika mkutano juu ya wajibu wa chuo hicho katika Tanzania ya kijamaa. Likafuata somo la pamoja juu ya matatizo ya jamii na uchumi, ambalo hatimaye lilikuwa Taaluma za Maendeleo, somo la lazima kwa kila mwanafunzi, awe wa sheria, udaktari au uhandisi. Mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Lakini mwaka huo huo 1973 tulianzisha chuo cha pekee cha ustawi wa jamii, mbali na wachumi wa Mlimani. Hapana budi tujikosoe: mkono mmoja uliunganisha, mwingine ukatenga. Somo la maendeleo lilikuwa la wote, lakini mpangaji wa bajeti na mpangaji wa huduma waliendelea kufundwa mbalimbali.

Mafundisho Matatu

Fundisho la kwanza ni la afya. Mwaka 1964 Richard Titmuss, profesa wa sera ya jamii wa chuo kile kile cha London, pamoja na wenzake walitoa taarifa juu ya huduma za afya za Tanganyika. Hoja yao ilikuwa nyepesi na nzito: hospitali haigharimu siku ya kujengwa tu, bali kila mwaka inapoendeshwa, kwa hiyo nchi maskini itangulize vituo vya afya karibu na watu. Hapa hesabu na haki zilisema neno moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Chama kilipoelekeza nguvu katika zahanati na vituo vya afya vijijini, kilifuata njia hiyo.

Fundisho la pili ni chungu, nalo ni letu wenyewe. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Lengo lilikuwa la haki, na watoto wakaandikishwa kwa wingi usiopata kuonekana. Lakini walimu wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba na kufunzwa kazini, vitabu vilikuwa haba, na msingi wa mali haukukua sawasawa na madarasa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta vilipofika, nyumba ilikuwa tayari na nguzo nyembamba. Hiyo ni sera ya jamii isiyo na uchumi.

Fundisho la tatu ni kinyume chake. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 wazazi walianza tena kuchangia gharama za shule za msingi. Mwaka 1986 tulitia saini masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Na mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama hospitalini. Vitabu vya hesabu vilinyooka, lakini uandikishaji wa watoto ulirudi nyuma. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, mamia ya maelfu ya watoto walijitokeza. Walikuwapo siku zote. Katika hesabu hawakuonekana. Huo ni uchumi usio na jamii.

Wajibu Wetu

Leo vyuo vikuu kadhaa vya Uingereza hutoa shahada moja inayounganisha uchumi na sera ya jamii. Sisi hatuhitaji kuiga. Tunahitaji kukamilisha tulichokianza mwaka 1967. Tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Nani achangie, kiasi gani, na asiye na kitu alipiwe na nani? Swali hilo halijibiwi na mchumi peke yake wala na mtaalamu wa ustawi peke yake. Tukiwapeleka mezani watu wawili wasiosikilizana, atakayeshinda ni mwenye fedha, na atakayelipa ni mkulima.

Kwa hiyo vijana wetu wafundishwe kusoma bajeti na kusoma maisha ya kijiji kwa jicho moja. Anayegawa mali ya umma lazima ajue ilikotoka. Anayeihesabu lazima ajue inakokwenda.