Mwanga wa Matumbawe na Maji ya Buha

Sisi wa visiwani tumezoea kuyatazama matumbawe kama mawe. Tumeyachoma tukapata chokaa, tumeyachonga tukajengea nyumba na misikiti. Wale wanaoyafuga katika mahodhi ya kioo huko Ulaya na Marekani wamelazimika kuyajua kwa upande wa pili: kwamba ni viumbe hai, na kwamba giza huyaua. Ndani ya mwili wa tumbawe hukaa mwani mdogo usioonekana kwa jicho, nao huugeuza mwanga kuwa chakula anachoshiriki mwenyeji wake. Ndiyo maana mfugaji huchagua taa kwa uangalifu. Nyekundu humezwa na maji karibu na uso, buluu ndiyo ishukayo mbali. Na kifuniko cha hodhi kikiwa chini mno, taa huyakaribia maji ikayapasha moto; walio chini yake huungua, na walio pembeni husalia kivulini.

Suala hilo la taa limenipeleka mbali na bahari, hadi nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, nchi ya Waha. Matumbawe huko hakuna. Hata hivyo, upo wakati ambapo wataalamu walishawishika kwamba bahari iliwahi kufika jirani na hapo.

Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona yavuyavu katika Ziwa Tanganyika. Yavuyavu katika maji matamu, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka pwani! Wakapatikana pia konokono ambao magamba yao yalishabihiana na ya baharini. Mwingereza J. E. S. Moore alisafiri kwenda ziwani mwaka 1896, akarudi tena mwaka 1899, na katika kitabu chake cha mwaka 1903 akashikilia kwamba ziwa lile ni mabaki ya bahari ya kale. Msafara wa W. A. Cunnington wa mwaka 1904 na 1905 ulikusanya viumbe wengi zaidi, na ushahidi wake ukaidhoofisha hoja hiyo. Leo inafahamika kwamba ziwa lilizaliwa na Bonde la Ufa, yapata miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita, na kwamba maumbo yale yalijitengeneza humo humo ziwani.

Ushahidi ulio mzuri zaidi, kwa maoni yangu, umo katika Mto Malagarasi. Mto huu huanzia katika milima ya mpakani na Burundi, ukapita nchi za Kasulu na Kibondo, ukazama katika vinamasi unakokutana na Moyowosi, kisha ukageukia magharibi kupitia Uvinza hadi ziwani. Humo wamo samaki walio ndugu wa samaki wa Kongo. Wataalamu wamefasiri kwamba mto ni mkongwe kuliko ziwa: ulikuwa ukienda Kongo, ardhi ikapasuka, safari yake ikakatwa njiani. Mwezi Februari 1858 Burton na Speke waliuvuka kwa mitumbwi, baada ya kulipa ushuru, wakielekea Ujiji. Jirani na kivuko, watu wa Uvinza walikuwa wamechemsha chumvi kwa zaidi ya miaka elfu.

Tuurudie mwanga. Samaki wengi wa miamba ya Tanganyika huishi kwa kukwangua utando wa mwani juu ya mawe, na mwani huo haumei pasipo jua. Katika miaka ya 1970 Pierre Brichard, aliyekuwa Bujumbura, aliwapeleka samaki hao ng'ambo, na hadi leo wapo wanaozaliwa na kufa chini ya taa za umeme. Mwenye hodhi akiona giza hubadili taa. Ziwani hakuna taa ya kubadili, na kinachoziba mwanga ni udongo. Chunguzi za miaka ya 1990 zilikuta aina chache zaidi za viumbe pale ambapo tope la miteremko iliyokatwa miti limefunika mawe.

Na miti ya Buha imekatwa kwa sababu zinazoeleweka. Wenyeji walihitaji mashamba. Wakimbizi walikuja kwa mafungu: Warundi mwaka 1972 na 1993, Wakongo waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, mwaka 1996, kisha Warundi tena mwaka 2015, ilipofunguliwa upya Nduta ya Kibondo. Mtu aliyegawiwa mahindi na maharage hana budi kutafuta kuni. Sioni haki ya kumlaumu.

Kilicholinusuru ziwa na sehemu kubwa ya tope la Malagarasi ni vile vinamasi, ambamo maji hupunguza mwendo na udongo hutua. Mwaka 2000 eneo la Malagarasi na Moyowosi liliingizwa katika orodha ya Ramsar, la kwanza kwa Tanzania. Sisi wa pwani kazi hiyo tunaijua, kwani mikoko yetu huifanya kila maji yanapojaa na kupwa. Tunaoikata mikoko kwa boriti na mkaa tunafunika taa ya matumbawe yetu wenyewe, na jambo hilo hatuwezi kulitupia Kibondo wala Kasulu.