Dreich: kutoka mahubiri marefu hadi mvua isiyokatika

Mwaka 2019 shirika la Scottish Book Trust, linalohimiza usomaji huko Uskoti, liliwaomba wananchi wachague neno la Kiskoti linalowagusa kuliko yote. Wakachagua dreich: anga la kijivu, baridi ya kupenya mifupa, manyunyu yasiyo na haraka ya kuisha. Hutamkwa "driikh", kwa kh ileile ya wazee wa pwani wasemapo kheri.

Kiskoti si Kigaeli, lugha ya Kikelti ya milimani na visiwani. Ni ndugu wa Kiingereza aliyekulia nyanda za chini, na kabla Mfalme James VI hajahamia London mwaka 1603 kilikuwa lugha ya ikulu na ya sheria. Kikaja kudharauliwa. Mwanafalsafa David Hume, Mskoti halisi, alitoa mwaka 1752 orodha ya misemo ya Kiskoti ya kuepukwa na mwandishi anayetaka heshima.

Dreich halikuanza na mvua. Ni la ukoo mmoja na neno la Kinorse cha kale, drjúgr, lililosifu kitu chenye kudumu na kutosheleza. Nduguye mwingine, dree, ni kustahimili mateso. Kinachodumu mno huchosha, basi njia isiyofika ikaitwa dreich, na mdaiwa anayekupiga kalenda akaitwa hivyohivyo. Mtu mzito wa kuamua, wa kuvutwavutwa ndipo atoe neno, ni dreich o' drawin.

Lakini mlezi wake mkubwa, kwa maoni yangu, alikuwa kanisa. Baada ya Matengenezo ya Kanisa ya mwaka 1560, Wapresbiteri, yaani Waprotestanti wa Uskoti, waliondoa sanamu, vinanda na sherehe nyingi. Kilichobaki kushika ibada nzima ni mahubiri. Mimbari nyingi zilifungiwa saa ya mchanga. Mchanga ukiisha mhubiri akaigeuza, waumini walijua chakula cha mchana kimesogea mbele, na alasiri huenda wangerudi kusikiliza tena. Mahubiri ya namna hiyo yalikuwa dreich bila ubishi. Wamisionari wa Kanisa la Uskoti ndio walioacha jina Thogoto huko Kikuyu, Kenya, ambalo ni "Scot" katika kinywa cha wenyeji. Kama urefu wa mahubiri nao ulivuka bahari, Wapresbiteri wa huko watajijibu wenyewe.

Na mtu aliyeyaokoa maneno ya Kiskoti alikuwa mhubiri. Mchungaji John Jamieson, aliyezaliwa mwaka 1759 sawa na mshairi Robert Burns, alichapisha kamusi yake kubwa mwaka 1808, wakati wasomi wa Edinburgh walikwisha kulipia masomo ya kutamka kama watu wa London.

Hali ya hewa ililiteka neno baadaye, hata leo wengi hawalijui kwa maana nyingine. Ila maana ya kale haijang'oka. Mvua kubwa ya Glasgow inayokulowesha chapachapa kisha ikapita haistahili jina hilo. Ukungu mwembamba unaokaa tangu asubuhi, saa tisa mchana ukiwa vilevile, unastahili. Na hotuba ya mwanasiasa asiyejua pa kuishia bado huitwa dreich, hata jua likiwaka nje.