Pikapu ya Porini, Foleni ya Mjini

Wiki hii nataka tuzungumze habari ya gari. Si kila gari. Nazungumzia pikapu ile ya kebini mbili, iliyonyanyuka juu, yenye tairi za meno makubwa, na ambayo kando ya gia kuu ina gia nyingine fupi ya kuyaamuru magurudumu yote manne yavute kwa pamoja. Gari hili liliundwa kwa ajili ya matope, mawe na mchanga. Lakini simama asubuhi pale Mwenge au Ubungo ujionee mwenyewe. Limo kwenye foleni, juu ya lami, limebeba mtu mmoja na mkoba wake wa ofisini, na huko nyuma halina hata gunia la mkaa.

Maswali yangu leo ni mawili. La kwanza, ilikuwaje chombo cha shamba na cha vita kikawa gari la kwendea kazini? La pili, mtu mwenye akiba yake ya miaka mingi anayetaka kulinunua, ajue nini kabla hajafungua pochi? Naamini jibu la swali la pili limo ndani ya lile la kwanza. Basi tuanze na historia.

Pikapu ni mtoto wa mkulima. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima wa Marekani walikuwa wakinunua gari dogo, wanaikata sehemu ya nyuma na kupigilia sanduku la mbao la kubebea mazao. Kampuni ya Ford ikaona biashara hiyo inawapita, na mwaka 1925 ikaanza kuuza Model T iliyokwisha kuwekewa sanduku lake kiwandani, kwa dola 281. Huko Australia husimuliwa kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1930 mke wa mkulima mmoja aliiandikia Ford kuomba gari ambalo Jumapili lingewafikisha kanisani bila kuloa, na Jumatatu lingebeba nguruwe kwenda sokoni. Mchoraji kijana wa kiwanda cha Geelong, Lew Bandt, ndiye aliyelichora gari hilo, nalo likatoka mwaka 1934. Naomba uiweke akilini hoja ya mama yule. Alitaka gari la kazi mbili, na kazi zote mbili alikuwa nazo kila wiki.

Uwezo wa magurudumu manne kuvuta kwa pamoja ulikuwapo kabla ya hapo, lakini uliosambaza sifa zake duniani ni vita. Kuanzia mwaka 1941 viwanda vya Willys na Ford vya Marekani vilitengeneza Jeep zaidi ya 600,000 kwa ajili ya majeshi. Vita vilipokwisha, magari yale yakabaki yametapakaa kila pembe, na watu wa kawaida wakagundua kwamba kinachopita kwenye mahandaki hupita pia shambani. Mmoja wao alikuwa Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, aliyekuwa akitumia Jeep kuukuu katika shamba lake kisiwani Anglesey. Aliamua kutengeneza ya kwake. Chuma kilikuwa kwa mgawo wakati huo, kwa hiyo bodi ikaundwa kwa aluminiamu. Tarehe 30 Aprili, 1948, Land Rover ya kwanza ikaonyeshwa mjini Amsterdam. Wenyewe waliifikiria kuwa bidhaa ya kupitisha miaka michache ya shida. Mwaka 1951 Toyota nayo ikaunda gari lake la namna hiyo, ambalo dereva wa majaribio alilipandisha mlima Fuji hadi kituo cha sita. Mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser.

Sasa turudi kwetu. Gari hili halikuja Afrika Mashariki kama mali ya mtu binafsi. Lilikuja kama gari la serikali. Aliyelipanda alikuwa bwana shauri wa mkoloni, askari, bwana nyama na daktari. Baada ya Uhuru akalipanda mkuu wa wilaya, bwana shamba, na muuguzi aliyebeba sanduku la chanjo. Barabara ya lami ilikuwa kitu cha mijini na vipande vichache vya njia kuu, na Land Rover ndiyo iliyoweza kufika. Kwa mtoto wa kijijini, mlio wa Land Rover na neno serikali vilikuwa kitu kimoja. Ikija, kuna kodi, au kuna sindano, au kuna mkutano wa hadhara. Mtu anayeshuka ndani yake ni mkubwa. Picha hiyo iliingia vichwani mwetu tukiwa wadogo, na sidhani kama imetoka.

Na haja ilikuwa ya kweli. Wasmith wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ililazimika kupitisha mizigo yake Tanzania kwenye barabara ya udongo, na madereva waliokufa au kukwama njiani ni wengi. Lami ya barabara ile ilikamilika katika miaka ya 1970. Kusini walingoja zaidi. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo msafiri wa Lindi na Mtwara alitegemea kivuko, na masika yakikolea, safari yenyewe ilikuwa bahati nasibu. Mtu aliyeishi miaka hiyo akikuambia kwamba gari ni lile linalovuta kwa miguu yote minne, usimcheke.

Pikapu ya kawaida, ile ya kuvuta kwa magurudumu ya nyuma tu, ilikuwa na njia yake. Hiyo ilikuwa gari la mwananchi. Nairobi, Peugeot 404 zilifungwa mabenchi zikawa matatu. Dar es Salaam, mabasi ya UDA yalipozidiwa, pikapu zilifungwa mabenchi mawili yanayotazamana, abiria wakaketi kana kwamba wako mgahawani, na watu wakaziita chai maharage. Mwaka 1983 watu binafsi wakaruhusiwa kusafirisha abiria, tukapata daladala. Bajeti ya mwaka 1984 ikamruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana, na pikapu zikaanza kuonekana mitaani. Zilibeba saruji, mchicha, ng'ombe, maharusi na maiti. Hakuna aliyeziogopa wala kuzipigia saluti.

Kati ya magari hayo mawili, la mkubwa na la mwananchi, ndipo ilipozaliwa pikapu tunayoizungumzia leo. Toyota Hilux ilitoka mwaka 1968 ikiwa pikapu ndogo ya kawaida. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ikapewa uwezo wa kuvuta kwa magurudumu manne. Mwaka 1987 majeshi ya Chad yaliyapiga majeshi ya Libya jangwani yakiwa juu ya pikapu za Toyota, hata mapigano yale yakaitwa Vita vya Toyota. Hapo sifa ikakamilika. Nasi huku, katika miaka ya 1990, miradi ya wafadhili ilileta magari meupe ya namba za DFP, na serikali ikajaza Land Cruiser za kifahari ambazo mtaa uliziita mashangingi. Neno hilo lilikuwa la mwanamke mjanja wa mjini, mwenye kujipamba na kujua thamani yake. Lilihamia kwenye gari kwa sababu mtaa uliona vizuri kwamba gari lile halikuwa tena la kufikia kijijini. Lilikuwa la kuonwa.

Asiyeweza kununua shangingi akaangalia pikapu ya kebini mbili. Ina kimo kilekile, sauti ileile, na bei ya chini kidogo.

Nina jirani yangu, mwalimu mstaafu, ambaye kiinua mgongo chake kimo benki na pikapu ya namna hii imo moyoni. Nyumba yake iko Goba, duka lake liko Kariakoo, na asili yake ni Liwale. Nilimwuliza, "Mzee wangu, Liwale unakwenda mara ngapi kwa mwaka?" Akajibu mara mbili, siku tano au sita kila safari. Nikamwambia basi siku hizo ni kumi na mbili, na siku zilizobaki 353 gari litakuwa kati ya Goba na Kariakoo. Akanitazama, akasema, "Mwandishi, wewe unahesabu siku. Mimi nahesabu usiku mmoja niliolala njiani na mgonjwa mwaka 1998, wakati wa mvua za El Niño." Hoja hiyo ni nzito, na siipuuzi. Lakini hata hoja nzito inastahili kupimwa, kwa sababu fedha ile ikishatoka hairudi, na mke wake alikuwa na mawazo mengine juu yake.

Tupime basi. Gari la magurudumu manne lina gia boksi ya pili, propela ya pili na difu ya mbele. Ukiwa juu ya lami vyote hivyo havifanyi kazi. Unavibeba tu, na uzito wake unaulipia kila unapojaza mafuta. Katika pikapu nyingi za aina hii huwezi hata kuamua kuvitumia kwenye lami kavu. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele huzunguka njia ndefu kuliko ya nyuma, na kama hakuna difu ya katikati ya kusuluhisha, mbele na nyuma hushindana, stelingi inakuwa nzito na vyuma vinaumia. Ndiyo sababu mafundi hukuambia uingize gia ile kwenye matope au mchanga tu. Isitoshe, vitabu vya mwongozo hushauri mfumo huo utumike kidogo kila mwezi, mahali panapofaa, ili mafuta yafike kwenye vyuma. Asiyetoka mjini hulisahau hilo, na siku ya matope yenyewe gia inagoma.

Tena kuna springi za mabamba huko nyuma. Zimewekwa kubeba mzigo unaokaribia tani. Sanduku likiwa tupu, gari hurukaruka kwenye kila tuta, na nyuma kukiwa kwepesi, mvua ya kwanza juu ya lami yenye oili huweza kuliserereka. Tairi za meno makubwa nazo hushika vizuri kwenye tope, lakini kwenye lami iliyolowa hugusa ardhi kwa eneo dogo, hivyo breki huchukua umbali mrefu zaidi.

Nimeacha kwa makusudi jambo la mwisho, nalo halimhusu mnunuzi. Linamhusu mtu anayevuka barabara. Mwaka 2023 taasisi ya bima ya Marekani inayochunguza usalama barabarani, IIHS, ilitangaza kwamba gari lenye boneti ya kimo cha zaidi ya inchi 40, yaani kama mita moja, linapomgonga mtembea kwa miguu lina uwezekano wa kumwua uliozidi kwa asilimia 45 ule wa gari dogo lenye boneti fupi ya mteremko. Sababu inaeleweka. Gari dogo humpiga mtu miguuni. La kimo kirefu humpiga kifuani, na mtoto humpiga kichwani. Katika mji ambao watu wengi hutembea kwa miguu kando ya barabara zisizo na njia yao, hesabu hiyo nayo iingie kwenye bei ya gari.

Je, nasema watu wasinunue? Hapana. Kuna barabara za mitaani kwetu ambazo mwezi Aprili ni pori tosha. Kuna mwenye shamba Kilombero au Handeni anayekwenda kila wiki, kuna fundi, kuna mfanyabiashara wa mazao. Hao wako kama yule mama wa Australia, kanisani Jumapili na sokoni Jumatatu, na gari hili ni lao kwa haki. Wanunue, ila wakague. Wahakikishe gia ya magurudumu manne inaingia na kutoka, hasa kwa magari yaliyokuwa ya miradi na kuuzwa kwa mnada. Walale chini waangalie chasi kama ina kutu au alama za kuchomelewa. Wafungue difu waone mafuta yake yana rangi gani.

Lakini aliye na safari mbili kwa mwaka ana njia nyingine. Pikapu ya kawaida ya magurudumu ya nyuma humbebea saruji na msiba wa mtaa kwa gharama ndogo. Au anunue gari dogo, na zile siku kumi na mbili akodi gari na dereva anayeijua njia. Tofauti ya fedha inaweza kusomesha mtoto.

Na kama baada ya kuhesabu yote bado moyo unaitaka pikapu ndefu, ni vema mtu ajiulize kwa siri anataka nini hasa. Huenda anataka kufika Liwale. Huenda pia anataka kushuka kwenye gari mbele ya watu kama alivyoshuka yule mkuu wa wilaya, siku ile ya mkutano wa hadhara, sisi tukiwa watoto tumepanga mstari. Haja zote mbili ni za binadamu, ila ya pili haihitaji difu ya mbele.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, na ukiwa barabarani, mwachie mwenda kwa miguu apite.