Matamasha Yetu Yalikuwa Arusini

Nianze kwa kukiri. Mimi ni mtoto wa kike wa Mkomani, nimelelewa kwa maulidi na taarab, lakini kinachonipagawisha ni rock. Na si rock yoyote tu. Naitaka ile ya laivu. Wimbo wa studio nikiusikiliza mara mbili nimetosheka. Lakini nipe Made in Japan ya Deep Purple, iliyorekodiwa Osaka na Tokyo Agosti 1972, nitakesha nayo. Nipe filamu ya Woodstock ya 1970, saa tatu za matope na magitaa, wala sitalalamika. Filamu za zamani za matamasha hunionyesha kile ambacho studio hukificha: mpigaji anatokwa jasho, anakosea, anacheka, anaendelea.

Halafu kuna Freddie Mercury pale Wembley, 13 Julai 1985, siku ya Live Aid. Dakika ishirini na kidogo tu, na uwanja mzima unapiga makofi kama mtu mmoja. Kila nikiitazama najikumbusha kwamba huyu alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika bahari hii hii ninayoiona kutoka darini kwetu.

Sasa, kwa miaka mingi nilikuwa na kinyongo. Kwani za kwetu ziko wapi? Wenzetu wana rafu nzima za rekodi za jukwaani. Sisi tuna nini?

Jibu lilikuwa kwa shangazi yangu, ndani ya mkebe wa biskuti. Alikuwa akipanga kabati, akatoa kaseti moja ya dakika tisini, akaipangusa kwa kanga, akaitia kwenye redio kaseti yake kuukuu. "Ndoo usikize," akaniambia. Juu ya kaseti pameandikwa kwa kalamu: Arusi. Basi. Hakuna jina la mwimbaji, hakuna tarehe.

Kwanza nikasikia udi ukitiwa sauti. Mtu akaitisha kiti. Dumbaki ikaingia, kisha tashkota, kisha mwimbaji. Alipofika kwenye ubeti uliowachoma watu, kelele zikapanda: rudia! Akaurudia. Wakataka tena, akaurudia tena, safari hii akiuvuta polepole kama anayewachokoza. Vigelegele vikasikika kwa mbali, kutoka juu, madirishani walikokuwa wanawake. Na katikati ya yote hayo, punda akalia. Punda wa Lamu, si unawajua? Hana haya wala hana muda wa kumngoja mtu. Mwimbaji akanyamaza, watu wakaangua kicheko, punda akamaliza yake, udi ukaendelea.

"Shangazi, hii ni albamu ya laivu!" nikapiga ukelele.

Akanitazama. "Hini ni arusi ya amiyo."

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria jibu hilo, kwa sababu sote wawili tulikuwa sawa.

Hebu tazama historia yenyewe. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sahani za santuri za wakati ule zilichukua kama dakika tatu kila upande. Miaka ya sitini na sabini, lebo ya Mzuri ya Assanand pale Mombasa ilipotoa taarab kwenye santuri ndogo, kipimo kilibaki karibu kile kile. Sasa shairi la Kiswahili lenye beti nane utalibana vipi ndani ya dakika tatu? Unapunguza beti. Na yule anayepiga kelele "rudia" humuweki kabisa, kwa sababu studio hayumo.

Kaseti ndiyo iliyobadilisha mambo. Philips waliitoa mwaka 1963, na baadaye redio kaseti zikajaa pwani, nyingine zikiletwa na waliokwenda kufanya kazi Uarabuni. Kaseti ya dakika tisini inakupa arubaini na tano kila upande. Haikuhitaji studio wala tajiri wa lebo. Mtu aliweka redio yake karibu na spika arusini, akabonyeza vidude viwili, akaenda zake kula pilau. Wimbo ukapata nafasi ya kuwa mrefu jinsi unavyoimbwa hasa.

Mchukue Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu wa mwaka 1939, bingwa wa udi aliyefariki 2016. Wageni wengi walimjua kwa albamu ya Mtindo wa Mombasa iliyotolewa London mwaka 1990. Watu wa hapa walikuwa wameshamjua zamani, kwa kaseti za arusi zilizonakiliwa na kunakiliwa tena. Maduka kama Mbwana Radio Service ya Mombasa yalijulikana kwa kaseti za taarab, na kutoka huko zilisafiri na majahazi na mabasi mpaka vijijini.

Hata filamu za zamani zimo humo humo. Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alijulikana kwa kuzitia maneno ya Kiswahili sauti za filamu za Kihindi. Waliokuwa wamekaa Naaz au Regal za Mombasa wakitazama filamu hizo walizijua tuni tayari. Kwa hiyo ala zikianza tu arusini, nusu ya watu wameshatambua. Ni kile kile kinachotokea mashabiki wa rock wanapousikia mkong'oto wa kwanza wa gitaa: uwanja unalipuka kabla ya neno la kwanza.

Mpaka hapo nilikuwa na furaha, na nilikuwa na mpango. Nitazihamishia kaseti za shangazi kwenye kompyuta, niziweke mtandaoni, dunia ijue kwamba nasi tunazo. Kisha tukageuza kaseti.

Upande wa pili ulikuwa usiku wa wanawake. Vugo, pembe zikigongwa kwa vijiti, na sauti za wasichana zikipokezana. Mmoja alinifanya niinue kichwa. Alikuwa shangazi mwenyewe, mbichi kabisa, akiimba kwa mdomo mzima.

"Hiyo usiitoe nde," akasema.

"Lakini walijua kuna redio inarekodi."

"Walijua inarekodi kwa ajili ya bibi arusi."

Akanihesabia walioimba usiku ule. Kati ya saba, wanne wamekufa. Nani nitamwomba ruhusa?

Hapo ndipo nilipoona tofauti na Wembley. Aliyenunua tiketi ya Wembley alijua kamera zipo na dunia inatazama. Arusi yetu haikuwa na tiketi. Uzuri ninaousikia kwenye kaseti, ule uhuru wa kupayuka, kukosea na kucheka, umetokana na watu kujua wako kwao. Siwezi kuusifu uhuru huo kisha nikawasaliti waliokuwa nao.

Na wakati huo huo kaseti inakufa. Upepo wa bahari na ukungu havimngojei mtu. Mahali pamoja utepe umeanza kulia kama mlango mkavu. Mji Mkongwe wa Lamu uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001, na kuta za Mkomani zina wanaozitazama. Mkebe wa shangazi una shangazi tu, naye ana miaka sabini na mbili.

Tukakubaliana hivi. Pande zote mbili nimezihamisha, kila pumzi. Upande wa wanaume ami ameruhusu, nao tayari umewafikia vijana kadhaa wa huku wanaojifunza udi. Upande wa wanawake uko kwenye flashi ndani ya mkebe ule ule, na anayetaka kuusikia huja nyumbani, huvua viatu, hukaa na wanawake wenzake. Wameshakuja mabinti wa wale wanne. Mmoja alikuwa hajaisikia sauti ya mamake kwa miaka kumi na minane.

Rock bado naipenda, msinielewe vibaya. Juzi nilimwonyesha shangazi Freddie wa Wembley. Akatazama mpaka mwisho, akasema kijana ana sauti, kisha akaniomba nimwekee arusi ya ami. Ameshaijua yote kwa moyo. Kabla punda hajalia, yeye tayari anacheka.