Twiga wetu si mmoja
Kidato cha kwanza nilikariri hizi ngazi kama wimbo: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Nilidhani zilikuja na dunia. Kumbe ni watu walikaa wakazipanga! Carl Linnaeus wa Uswidi alikuwa na tano tu mwaka 1735. Faila ililetwa na Ernst Haeckel, Mjerumani, 1866. Na huyo Linnaeus, 1758, alimweka twiga jenasi moja na kulungu wa Ulaya. Twiga, jamani.

Sasa ngazi ina maana gani kwako? Kwa miaka mingi twiga wote walihesabiwa spishi moja, tofauti zao zikaachwa ngazi ya chini, nususpishi. Agosti 2025 ndipo IUCN, wale wa orodha ya wanyama walio hatarini, walikubali ni spishi nne. Kenya tuko na tatu. Wale unaowaona Ziwa Nakuru, wanaoitwa twiga wa Rothschild, wako chini ya twiga wa kaskazini, na hao wamebaki kama 7,000 hivi Afrika nzima. Wakijumlishwa na wengine, hesabu ilipita laki moja. Nani angeshtuka?